Na mama zao?

Mzee alikuwa na chaki ile ile ya kuandikia pointi za dhumna. Akainama, akapangusa vumbi la baraza kwa kiganja, akaandika jina moja juu kabisa kwa herufi za Kiarabu: Said bin Sultan. Chini yake akashusha mistari minne kama vidole: Majid, Barghash, Khalifa, Ali. Pembeni akamweka Thuwaini, yule aliyebaki na Omani, na Mohammed, kisha akaanza kuteremsha wajukuu.

Zilikuwa siku mbili tatu tangu habari ifike kwamba Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, kafariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024, umri miaka 95. Barazani hakukuwa na kilio wala shangwe. Kulikuwa na hesabu. Kakaa kitini miezi sita na kidogo, kaondoka na meli usiku wa Mapinduzi, kaishi Portsmouth, Uingereza, zaidi ya nusu karne, karuhusiwa kwenda Omani 2020 akiwa mzee wa miaka tisini na ushei. Baada ya hesabu ukaja ubishi, maana Jamshid ni mtoto wa Abdullah, na Abdullah ni mtoto wa Khalifa. Khalifa yupi?

Kijana mmoja alishikilia kuwa ni yule Khalifa wa mwanzo, mtoto wa Seyyid Said. Mzee akamtoa ujinga kwa chaki. Khalifa bin Said alitawala miaka miwili tu, 1888 hadi 1890. Khalifa bin Harub, huyu ambaye wazee wetu bado wanaikumbuka sura yake garini, aliyetawala kuanzia 1911 hadi alipofariki Oktoba 1960, ni mjukuu wa Thuwaini na kazaliwa Maskati. Jina moja, matawi mawili. Kijana akasalimu amri, akawalipia wote kahawa, maana ndivyo deni la ubishi linavyolipwa pale.

Mimi nilikuwa napita na boflo zangu kwapani. Mwanamke hasimami hovyo penye baraza la wanaume, lakini hawa ni wazee wangu, wananijua tangu natambaa. Nikauliza, "Na mama zao?"

"Mama zao vipi?"

"Hao wote, babu. Mama zao ni nani?"

Akautazama mti wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Masuria, mwanangu," akajibu, kwa sauti ya mtu anayekwambia leo Ijumaa. Kete za dhumna zikavurugwa upya, mkono wa mtu ukapita juu ya jina la Barghash ukalifuta nusu, nami nikaenda zangu na mkate.

Jibu lile sina ugomvi nalo, ni la kweli. Kilichonikaa ni jinsi lilivyoufunga mlango. Masuria, basi, tumemaliza. Na mimi nimelelewa katika nyumba ambayo habari zilianzia kwa mama.

Kwa msomaji ambaye hajafika Mji Mkongwe, baraza ni benchi la mawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kulia na kushoto kwa mlango mkubwa. Asubuhi paka hulala hapo. Alasiri huja muuza kahawa na dele lake, moto wa makaa chini, vikombe vinagongana mkononi mwake, na kashata ndani ya karatasi. Mvua ya masika ikishuka na kichochoro kikageuka mto, watu hupanda juu ya mabaraza wakapita wamejibana ukutani. Jina hilo hilo ndilo la kikao cha mtawala: Seyyid Said alikuwa akikaa baraza na wakuu, makadhi na wenye shida zao. Wafalme wameondoka, neno limebaki. Tunalo Baraza la Wawakilishi, na kila sikukuu Rais huhutubia Baraza la Idd. Kwetu jiwe la kukalia na chombo cha kutunga sheria vinaitwa jina moja, na nikisema kweli, mara nyingi ubishi wa kwenye jiwe una adabu zaidi.

Kila mtaa una baraza lake, na kila baraza lina somo lake. Pale Jaws Corner, Soko Muhogo, penye jina lililotoka kwenye filamu ya papa, somo ni siasa asubuhi na siasa jioni. Hapa kwetu ni nasaba. Nani wa nani, katokea wapi, nyumba ile ilikuwa ya nani kabla ya kuwa ya nani. Lakini baraza liko nje. Mlango ukishaupita, ukavuka daka, ule ukumbi wa mlangoni, ukapanda ngazi, unakuta habari ile ile inasemwa na watu wengine, na inaanzia pengine.

Tuanze na huyo wa juu kabisa. Seyyid Said kazaliwa Omani 1791, kaingia madarakani bado kijana, na katika miaka ya 1830 akaanza kuhamishia makao yake Unguja. Himaya yake ilikuwa imetandazwa kama mkeka mrefu mwembamba: Gwadar, Maskati, kisha pwani yetu hadi Rasi Delgado. Alifariki baharini karibu na Visiwa vya Shelisheli, Oktoba 1856, akiwa safarini kurudi Unguja kutoka Omani. Binti yake Bibi Salme, ambaye miaka thelathini baadaye alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, anatuhesabia: mzee aliacha watoto 36 walio hai, wanaume 18 na wanawake 18, na masuria 75. Mke wake mkubwa, Bibi Azza bint Seif, bint ami wa ukoo hasa, ambaye hata watoto wa mumewe walimnyenyekea kwa woga, hakuacha mtoto.

Hebu isome tena hesabu hiyo. Mtoto wa suria kwa sheria ni mtoto kamili. Anarithi, anaoa, anatawala. Kwa hiyo mti mzima wa chaki, ndugu wanne waliopokezana kiti cha Unguja kuanzia 1856 mpaka 1893, umetoka kwa wanawake walionunuliwa. Mama yake Majid alikuwa Mcherkesi wa milima ya Kaukazi. Mama yake Barghash, Mhabeshi. Mama yake Salme, Jilfidan, naye Mcherkesi, aliibwa mtoto mdogo vitani baada ya wazazi wake kuuawa. Barazani wanasema "Waarabu wale", na kwa upande wa baba ni sawa. Ukiwaandika na mama, jiwe lile moja halitoshi.

Masuria hawa hawakuwa pambo la nyumba tu. Mama yake Majid na Jilfidan walikuwa marafiki tangu zamani, watu wa lugha moja waliotupwa mbali na kwao. Wakaahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atakuwa mama wa watoto wake. Mama yake Majid akatangulia. Majid alipofikia umri wa kupewa nyumba yake mjini, Beit al-Watoro, akamwita Jilfidan aje akae nao, naye akahama na binti yake. Ndiyo maana Salme alilelewa na Majid, sultani wa baadaye, kama kaka wa tumbo moja. Ahadi ya wanawake wawili waliouzwa iliamua nani akae na nani katika ukoo wa kifalme. Kwenye mti wa chaki utaiweka wapi?

Mfano mwingine, ule ule uliowagombanisha barazani. Khalifa bin Harub wa tawi la Maskati aliingiaje kitini Unguja? Alikuwa amemwoa Bibi Matuka, binti wa Sultani Hamoud, mtoto wa yule Mohammed wa pembeni, na dada wa Sultani Ali bin Hamoud. Ali alipojiuzulu 1911 akiwa Ulaya, shemeji ndiye aliyeketi. Na Abdullah, baba yake Jamshid, alizaliwa na Matuka huyo. Matawi mawili ya Seyyid Said yaliungana tumboni mwa mwanamke, mahali ambapo chaki haikupita.

Nyumba ndizo zinazowakumbuka. Mtoni, kilomita chache kaskazini ya mji, kumebaki magofu: kuta za mawe ya matumbawe, matao ya hamamu, mnazi mmoja mmoja, na bahari ile ile. Salme kazaliwa hapo Agosti 1844, na kwa kumbukumbu zake waliishi watu wapatao elfu moja ndani ya boma lile. Kulikuwa na tausi uani na mto ukipita kati. Upande wa bahari kulikuwa na roshani kubwa ya mviringo waliyoiita benjile, ambako baba yake alitembea huku na huko peke yake, kainamisha kichwa. Mbele yake lugha iliyoruhusiwa ni Kiarabu tu. Akigeuza mgongo, nyumba inafumuka: Kihabeshi, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi na Kiswahili cha wayaya na watumishi. Nikisimama pale najaribu kuisikia kelele ile, wala simfikirii yule mzee wa kwenye roshani. Namfikiria mtoto anayesikia lugha saba kabla ya adhuhuri na hajui ipi ni yake.

(Mapapasi wa mjini wana hadithi yao ya kuwauzia wageni: masuria tisini na tisa, sultani anachagua kwa kidole. Huisemea hasa Maruhubi, jumba la Barghash lililoungua 1899, ambalo nguzo zake bado zimesimama shambani kama meno. Mgeni anacheka, picha inapigwa. Nimeshawahi kugombana na mmoja wao hadi tukatenganishwa, sirudii.)

Wasichana wa kifalme walifundishwa kusoma Kurani, hawakufundishwa kuandika. Salme alijifundisha kwa siri. Akachukua mfupa wa bega la ngamia, ule uliotumika kama ubao wa chuoni, akaweka msahafu mbele yake, akaanza kuiga herufi moja moja. Elimu hiyo ya kuiba ilimponza. Mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua Majid, alihitaji mtu wa kuandika barua, na Salme akiwa na miaka kumi na mitano akawa katibu wa njama dhidi ya kaka aliyemlea. Kisa chake ni dada mwingine, Khole, aliyempenda kupita kiasi. Khole alikuwa upande wa Barghash, basi.

Sasa msikilizeni Bibi yangu, maana kipande hiki alikihadithia yeye vizuri zaidi, akiwa anachambua mchele. Nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari wa Majid. Maji hakuna, chakula hakuna. Usiku wakaja Khole na Salme na msafara wa wanawake, wamejifunika gubigubi, wakamwambia mkuu wa askari kwamba wanakwenda kumwona ndugu yao. Askari gani atamwekea binti wa Seyyid Said mkono? Wakaingia. Wakatoka. Kati yao sasa kulikuwa na mwanamke mmoja mrefu kupita wenzake, yamebaki macho tu. "Mfalme mzima kavaa nguo za kike," Bibi anasema, na ungo unatulia mkononi ili tupate nafasi ya kucheka.

Walimtorosha hadi shamba, wafuasi wakapigana, Waingereza wakamsaidia Majid, njama ikavunjika. Barghash akapelekwa Bombay kama miaka miwili. Salme akasamehewa na Majid, lakini nusu ya ukoo haikusema naye tena. Halafu, katika upweke ule, akawa na jirani. Dari ya nyumba yake ilitazama dari ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mji wetu umebanana hivyo: chini wanaume wanakupa mgongo barazani wakijadili heshima za watu, juu dari zinasalimiana. Agosti 1866, mimba ishaonekana, akapanda manowari ya Kiingereza Highflyer hadi Aden. Akabatizwa Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, na mwaka huo huo Majid akafa, na Barghash, yule mwanamke mrefu wa usiku ule, akawa sultani.

Salme alirudi Unguja 1885 na meli za Wajerumani, akitaka urithi wake. Mjini watu walimjia kumwamkia mpaka njia zikajaa. Barghash alikataa kumwona. Alifariki Jena 1924.

Mimi simchukii Barghash, ingawa Bibi hakumsamehe kamwe. Ni yeye aliyeleta maji ya chemchemi mjini kwa mabomba, maji ya bure, katika mji uliokuwa ukifa kwa kipindupindu. Aliacha Hamamni, bafu za umma, ambako mpaka leo mtaa unaitwa hivyo hata kama hakuna anayeoga. Na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Nguzo za chuma, roshani zinazozunguka pande zote, milango ya kuchonga yenye aya zilizopakwa dhahabu, taa za umeme wakati pwani nzima ingali na koroboi. Kule Bombay alikuwa mfungwa, lakini macho hayakufungwa. Jumba hilo halikuwa la kulala, lilikuwa la sherehe na kuonyesha. Kulala ni Beit al-Sahel pembeni, na kati yao Beit al-Hukm ya wanawake. Nyumba hizo tatu ziliunganishwa kwa vivuko vya juu, wanawake wapite kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga njia. Nikipita Forodhani hutazama juu pale ambapo hakuna kitu tena, nikawaza miguu yao ikipita juu ya vichwa vya wanaume walioketi chini wakiandika nasaba.

Vivuko vilikwenda asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Khalid bin Barghash alijitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, saa tatu manowari zao zikafungua mizinga, dakika kama 38 yakawa yamekwisha. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa kasri. Beit al-Hukm haikuinuka tena, Beit al-Sahel ikajengwa upya, na mnara wa taa mbele ya Beit al-Ajaib ukaanguka. Mnara wa saa tunaoujua sisi ulikuja baadaye. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, akaja kukamatwa katika vita vya kwanza vya dunia, akahamishwa hadi kisiwa cha St Helena, na kufia Mombasa 1927. Wageni huambiwa ni vita vifupi kuliko vyote duniani, na wanatabasamu. Watu 500.

Nimeandika hadi hapa nikijua kuna msomaji anayetafuna mdomo. Anataka kuniuliza: na wewe wa nyumba gani?

Mimi si wa nyumba yoyote kati ya hizo. Bibi yangu kazaliwa Ng'ambo, upande wa pili wa kile kidimbwi cha maji ya bahari kilichogawa mji, kabla hakijafukiwa, pale ambapo daraja limebaki katika jina la Darajani. Nasaba yake inarudi nyuma kwa wanawake watatu, inagota. Wa tatu aliletwa kutoka bara akiwa mtoto, akachuma karafuu shamba la mtu. Jina alilopewa ni lile ambalo mabwana waliwapa watumwa, la kitu kizuri, kama mtu anavyompa jina paka. Jina lake la kwao hakuna aliyelishika. Mkataba wa kufunga soko la watumwa ulitiwa saini na Barghash huyo huyo, chini ya shinikizo la Waingereza, tarehe 5 Juni 1873, na kanisa la Mkunazini likasimamishwa pale pale penye soko. Lakini karafuu hazikuacha kuchumwa siku ile, na utumwa wenyewe ulifutwa kwa hatua hadi miaka ya Sultani Hamoud na mwanawe.

Kwa hiyo nikiuliza "na mama zao?" siulizi kwa ajili ya Jilfidan peke yake. Yule aliyeibwa Kaukazi na yule aliyeibwa bara walipitia mlango wa aina moja. Mmoja akawekwa juu, akavishwa hariri, mwanawe akaitwa Seyyid. Mwingine akapewa kikapu na ngazi ya mkarafuu. Barazani wa kwanza anafutwa kwa sababu mti ni wa baba. Wa pili hafutwi, maana hakuandikwa.

Zanzibar ilipata uhuru chini ya Jamshid tarehe 10 Desemba 1963. Siku 33 baadaye, Mapinduzi. Walioondoka waliondoka na walichoweza kubeba, na walioangamia siwezi kuwapitia kwa sentensi moja kwenye makala kama haya, wala sitaki kujifanya naweza. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikawa za serikali, na miaka hiyo Bibi akavuka daraja na watoto wanne, akapewa vyumba viwili juu katika nyumba ya ghorofa mbili.

Chumba cha nyumba za kwetu ni kirefu na chembamba kama behewa. Sababu yake ni boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hatua chache, kama mita tatu, kwa hiyo ukitaka chumba kikubwa unakirefusha, hukipanui. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene hata mtoto anakaa dirishani kama kitini. Ukuta huo unapumua. Unakunywa maji wakati wa masika na kuyatoa jua likiwaka. Adui yake ni saruji. Nyumba yetu ilipoanza kuvimba upande wa uani, ilitupasa kusubiri miaka mafundi wa ofisi moja ambayo sitaitaja, na walipokuja wakapiga plasta ya saruji safi, ikang'aa, tukawashukuru. Maji yakakosa pa kutokea. Ncha za boriti ndani ya ukuta zikaoza kimya kimya, na masika ya pili kona yote ya uani ikashuka usiku, kwa sauti ndogo tu, kama mtu kamwaga gunia la mchele. Alhamdulillahi, kulikuwa hakuna mtu.

Ndiyo maana tarehe 25 Desemba 2020, simu ilipoingia kwamba Beit al-Ajaib imeanguka ubavu, niliuliza kwanza nani alikuwa ndani. Walikuwa mafundi, nyumba ilikuwa katika ukarabati kwa fedha za Omani, na wawili walikufa. Nilikwenda jioni. Ubao wa sakafu ulikuwa umening'inia hewani, na roshani moja imebaki na kitasa cha mlango usiokuwa na chumba nyuma yake. Vijana wa Forodhani, ambao siku zote hupiga mbizi kutoka ukutani wakishangiliwa, walikaa tu, miguu ikining'inia, wameutazama mji badala ya bahari.

Turudi kwa Bibi. Aliishi katika nyumba ile zaidi ya miaka arobaini, hakusema "nyumbani kwangu" hata siku moja. Alisema "nyumba ya watu". Tukichora ukutani: "Mnachora nyumba ya watu!" Tukigonga mlango kwa nguvu, mlango ule wa kuchonga wenye minyororo kwenye fremu: "Mtauvunja mlango wa watu." Chumba cha mwisho kulikuwa na kasha kubwa la mninga lenye misumari ya shaba, limeachwa na wenyewe. Funguo haikuwepo. Babu alitaka kulifungua kwa patasi mwaka ule wa njaa, Bibi akalikalia juu mpaka akaondoka.

Katikati ya miaka ya 1990 akaja mwanamke kutoka Maskati. Makamo, abaya nyeusi, viatu vya gharama, kasimama dakani hathubutu kuvuka kizingiti. "Msalkheri," akasema, na Kiswahili kilichomtoka kilikuwa cha zamani, kile cha redio ya utotoni mwa mama yangu, maneno ambayo hapa tulishayaacha. Alizaliwa humo. Aliondoka ana miaka saba.

Bibi alimshika mkono, akampandisha. Yule mama akapita chumba hadi chumba bila kusema kitu, mpaka alipofika penye msumari mmoja ukutani, msumari tuliokuwa tukining'iniza kalenda. Akauwekea kidole. "Hapa palikuwa na kioo cha mama," akasema, akakaa chini palepale.

Wakakaa wote wawili juu ya mkeka. Mimi ndiye niliyetumwa kahawa na halua. Niliporudi walikuwa wameshafika mbali: mama yake yule mgeni ni binti wa fulani, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Pemba, ambaye mama yake naye alikuwa suria, wa wapi, Mhabeshi pengine, jina la nyumbani kwao halijulikani. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyefika mahali anapopajua. Akamtajia wa kwake, mmoja, wawili, watatu.

"Na huyo mama yake nani?" akauliza mgeni.

"Hapo ndipo tulipoishia," Bibi akasema.

"Na sisi hapo hapo."

Wakanywa kahawa. Nje, chini, nilisikia kete za dhumna zikipigwa juu ya jiwe na mtu akigombea tarehe. Magharibi ilipokaribia, Bibi akamwonyesha kasha, akamwambia alichukue, ni la kwao, halijafunguliwa. Yule mama alilizunguka, akapitisha mkono juu ya misumari ya shaba, akaugusa ufa mdogo wa patasi kwenye kifuniko, akamtazama Bibi.

"Nitalipakia ndege gani kasha hili?" akasema. "Liache. Mtoto aweke nguo zake."

Mwaka huo huo tukamwita fundi wa kufuli. Ndani mlikuwa na shuka moja ya kitanda, imekunjwa, na karafuu zilizowekwa kuzuia nondo, zimekauka hadi zimekuwa vumbi.